Meseji zinachelewa na CPU imelala: pa kuanzia ukiwa na ZeroMQ

Malalamiko huwa yanakuja hivi: meseji imetumwa, sekunde 4 baadaye ndo imeshughulikiwa, ukifungua logi ya hendla (ile kodi yako ya programu inayoshughulikia meseji) inasema imetumia milisekunde 2 tu, ukiangalia CPU iko asilimia 12, mtandao mweupe kabisa, na kila anayeulizwa anasema kwake kuko sawa. Na wote wanasema kweli. Zile sekunde 4 hakuna aliyezitumia, meseji ilikuwa imekaa tu mahali inasubiri, na kusubiri hakuonekani kwenye grafu ya CPU wala kwenye logi ya hendla inayoanza kujipima pale inapoanza kazi.

Kinachofuata kwa kawaida ni mtu kuongeza thredi, ile mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu. Zilikuwa 4 anaweka 16, mambo yanakuwa yaleyale au yanaharibika zaidi, anaweka 32. Mimi nasema thredi ziguswe mwisho kabisa, kwanza ujue meseji imekaa wapi, maana ndani ya laibrari kama ZeroMQ kuna sehemu kama tano za kukaa na kila moja ina ugonjwa wake na dawa yake.

Kwa ambaye hajakutana nayo, ZeroMQ ni laibrari ya kutumiana meseji kati ya programu, ilianza 2007 kwa Martin Sustrik na Pieter Hintjens wa iMatix, na tofauti yake na RabbitMQ au Kafka ni kwamba hakuna seva ya katikati, laibrari inaishi ndani ya programu yako yenyewe. Hilo lina raha yake ila pia lina maana kwamba hakuna ukurasa wa kufungua ukaona foleni zimejaa kiasi gani. Foleni zimo kwenye kumbukumbu ya programu yako na hazisemi kitu.

Safari ya meseji moja iko hivi. Thredi yako inaita zmq_send, na hapo watu wengi wanadhani meseji imeshaenda mtandaoni, hapana, imewekwa tu kwenye foleni ya ndani. Kuna thredi nyingine ambayo hukuitengeneza wewe, ya laibrari, kazi yake ni kuhamisha data kati ya foleni hizo na soketi za TCP, na usipobadilisha chochote ni moja tu kwa konteksti nzima. Hiyo ndo inachukua meseji na kuitia kwenye bafa ya keneli (hifadhi ya muda ndani ya kiini cha mfumo endeshi), keneli inaisafirisha, upande wa pili inatua kwenye bafa ya keneli ya huko, thredi ya laibrari ya huko inaisoma na kuiweka kwenye foleni ya ndani ya mpokeaji, alafu inasubiri thredi yako ya huko ije iite zmq_recv. Kama wewe nawe umejiwekea foleni yako kabla ya hendla, hiyo ni sehemu nyingine tena ya kukaa.

Sasa hizo foleni za ndani zina kikomo, kinaitwa HWM, na tangu toleo la 3 kikomo cha kawaida ni meseji 1000 upande wa kutuma na 1000 upande wa kupokea, kwa kila muunganisho. Piga hesabu. Hendla yako inatumia milisekunde 2, yaani kwa sekunde inaweza meseji 500 na si zaidi. Foleni ya mpokeaji ikijaa 1000, meseji inayoingia nyuma itasubiri sekunde 2 kabla ya kuguswa. Foleni ya mtumaji nayo ikijaa, sekunde 2 nyingine. Hizo hapo sekunde 4 zako, na bado hatujahesabu bafa za keneli ambazo kama meseji zako ni ndogo ndogo zinabeba nyingi tu. Hakuna bagi hapo, hakuna thredi iliyokwama, ni mahesabu ya darasa la nne.

Ni sawa na dereva wa lori anayefika mizani ya Vigwaza akakuta foleni imeanzia mbali: lori lenyewe likishapanda linapimwa chap, mpimaji ukimuuliza anakwambia mimi nachukua muda mfupi sana kwa kila gari, na ni kweli, ila dereva ameshapoteza asubuhi.

Na foleni haisubiri mpaka uzidiwe ndo ianze. Meseji zikija bila mpangilio maalum, hesabu za foleni zinaonyesha muda wa jumla ni muda wa kazi gawanya kwa sehemu iliyobaki wazi. Hendla ikiwa bize asilimia 50 ya muda, milisekunde 2 zinakuwa 4. Ikiwa bize asilimia 90 zinakuwa 20. Asilimia 99, zinakuwa 200. Kwahiyo mfumo uliokuwa vizuri tu mwezi uliopita ukiwa na meseji 400 kwa sekunde, leo ziko 490 na watu wanauliza nani kabadilisha kodi, hamna aliyebadilisha, mmesogea kwenye kona mbaya ya grafu. Alafu ile CPU asilimia 12 isikudanganye, seva yenye kori 8 ikiwa na thredi moja iliyobanwa mpaka mwisho inaonyesha asilimia 12 na nusu. Ile namba uliyoona ukasema imelala inaweza ndo dalili yenyewe, thredi moja inakufa na kazi na kori saba zinaangalia.

Cha kwanza basi ni kuikata safari vipande. Weka saa ndani ya meseji inapotoka kwenye kodi yako kabla ya zmq_send, pamoja na namba ya mfuatano, alafu upande wa pili andika saa ya zmq_recv iliporudi, saa hendla ilipoanza na saa ilipomaliza. Saa nne tu zinatosha kwa kuanzia. Tumia CLOCK_MONOTONIC, usitumie saa ya ukutani maana hiyo inarekebishwa na NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao) katikati ya kazi na utapata meseji zilizofika kabla hazijatumwa. Kama programu zote mbili ziko mashine moja, saa hiyo inalingana na unaweza kutoa moja kwa moja. Zikiwa mashine mbili hailingani, ila kuna ujanja: chukua tofauti ndogo kabisa uliyoiona ndani ya dakika chache, iite sifuri, alafu angalia nyingine zimezidi hapo kwa kiasi gani, maana unachotafuta ni nyongeza ya kusubiri, urefu halisi wa safari hauna shida nao.

Wastani usiuangalie sana. Meseji 99 zikichukua milisekunde 1 na moja ikachukua sekunde 1, wastani unasema kama milisekunde 11, namba ambayo haijawahi kumtokea mtu yeyote. Angalia asilimia ya 99 (muda ambao meseji 99 kati ya 100 haziuzidi) na ile mbaya kuliko zote. Na kama unapima kwa programu ya kutuma mzigo wa majaribio, hakikisha inatuma kwa ratiba yake bila kusubiri jibu la meseji iliyotangulia, la sivyo mfumo ukiganda na yenyewe inaganda nao, haitumi kitu, haihesabu kitu, alafu mwisho inakuletea ripoti nzuri. Gil Tene, mtaalamu wa kupima ucheleweshaji, amelipigia kelele sana hili na bado watu wanapima hivyohivyo.

Ukiwa na vipande, kuna swali moja linalogawa kazi vizuri: meseji iko kwenye keneli au iko ndani ya programu? Kwenye seva ya mpokeaji andika ss -tn uangalie Recv-Q (data iliyofika kwenye keneli ila programu haijaisoma) ya muunganisho wako. Ikiwa sifuri muda wote na meseji bado zinachelewa, maana yake thredi ya laibrari inazibeba vizuri tu kutoka kwenye keneli na zinalundikana kwenye foleni ya ndani zikikusubiri wewe. Ikiwa imejaa na haishuki, basi thredi ya laibrari haisomi, na hapo ama imezidiwa, jambo ambalo ni nadra, ama foleni ya ndani imefika kikomo na imeacha kusoma makusudi ili presha irudi kwa mtumaji. Presha ikirudi, Send-Q ya mtumaji (foleni ya kutuma kwenye keneli yake) nayo inajaa, alafu foleni yake ya ndani, alafu kinachotokea baada ya hapo kinategemea aina ya soketi. PUSH (ya kugawa kazi) inasimama, zmq_send hairudi mpaka nafasi ipatikane, kwahiyo ghafla thredi ya mtumaji iliyokuwa haina hatia inaonekana ndo mbovu. PUB (ya kutangazia wasikilizaji wengi) haisimami, inatupa meseji kimya kimya. ROUTER (inayochagua meseji iende kwa nani) nayo inatupa usipoiwekea ZMQ_ROUTER_MANDATORY. Ndo maana nikasema weka namba ya mfuatano: bila hiyo, meseji iliyotupwa na meseji iliyochelewa zinafanana kabisa machoni pa mtu anayelalamika.

Thredi ya laibrari unaitambua kirahisi. Kwenye Linux andika top -H -p na namba ya programu, matoleo ya karibuni ya libzmq yanaipa jina ZMQbg/IO/0. Ikiwa inakula karibu asilimia 100 ya kori moja ndo ufikirie kuongeza ZMQ_IO_THREADS, na mwongozo wa waandishi wenyewe ni thredi moja kwa kila gigabaiti kwa sekunde inayoingia au kutoka. Gigabaiti, kwa sekunde. Wewe una meseji 500 za baiti 200, hiyo ni kilobaiti 100. Acha hiyo namba ilivyo. Na ukiwa hapohapo zipe majina thredi zako mwenyewe, Linux inakubali herufi 15, maana kutafuta mhalifu kati ya thredi 20 zote zinaitwa python3 ni kujitesa bure.

Tukubaliane basi kwamba mara nyingi Recv-Q ni sifuri na tatizo ni thredi yako kutokuja kuchukua. Inafanya nini? Iulize kwa kuchapisha steki yake, yaani orodha ya sehemu za kodi ilizomo wakati huo. Kwa C au C++, gdb na thread apply all bt. Kwa Python, py-spy dump, kwa Java, jstack. Piga mara kadhaa ukiacha sekunde moja moja katikati, alafu soma mstari gani unajirudia. Mbinu hii inaonekana ya kienyeji ila kwa tatizo la kusubiri inashinda profaila nyingi, kwa sababu profaila ya kawaida inahesabu muda wa CPU na thredi iliyolala haitumii CPU, kwahiyo haimo kabisa kwenye ile picha yake nzuri ya rangi. Utakachokuta ni vitu vilevile: hendla inasubiri databesi, inasubiri DNS, au inasubiri kufuli ambalo limeshikwa na thredi inayoandika logi kwenye diski. Hilo la logi ni la kuangalia mapema, thredi 16 zote zinapita kwenye kufuli moja la logi, tena mtu akiona mfumo uko taratibu anaongeza logi zaidi ili aone kinachoendelea.

Kuna ugonjwa mmoja ambao steki hazitakuonyesha, na ndo huu unaokula wiki za watu. Dalili yake ni ya ajabu: mzigo ukiwa mdogo meseji zinachelewa, mzigo ukiongezeka zinawahi. Ukiona hivyo, na mtu ameunganisha ZeroMQ na lupu yake mwenyewe ya kusubiri matukio, ya epoll au libuv au asyncio aliyojitengenezea, nenda moja kwa moja kwenye ZMQ_FD. Laibrari inakupa namba ya faili ya kusubiria, na inavyoonekana ni kama soketi ya kawaida, ila siyo. Haihusiani na TCP moja kwa moja, ni ya sanduku la maagizo ambalo thredi ya laibrari inalitumia kuiamsha thredi yako, na inakushtua pale hali inapobadilika tu, haiendelei kukushtua eti kwa sababu meseji bado zipo. Zikiingia meseji tatu kwa pamoja ukashtuliwa mara moja, ukasoma moja ukarudi kulala kwenye epoll, mbili zimebaki. Nani atakuamsha? Meseji ya nne, itakapokuja. Kama inakuja baada ya sekunde 4, basi umechelewa sekunde 4, na kama zinakuja 500 kwa sekunde hutaona tatizo lolote, ndo maana kwenye jaribio la mzigo mkubwa kila kitu kilipita.

Dawa ni kwamba ukishtuliwa usiamini kwamba kuna meseji, uliza ZMQ_EVENTS, alafu endelea kuita zmq_recv na ZMQ_DONTWAIT mpaka ikurudishie EAGAIN (yaani hakuna kitu kwa sasa), ndo ulale. Na kuna sehemu ya pili ambayo hata waliosoma mwongozo inawapita: zmq_send nayo inaweza kusoma lile sanduku la maagizo. Yaani umetuma jibu, ndani ya kutuma laibrari ikaona taarifa kwamba kuna meseji mpya, ikaimeza ile ishara, wewe ukarudi epoll kusubiri ishara ambayo imeshatumika. Kwahiyo baada ya kutuma pia unauliza ZMQ_EVENTS upya. Kama huna sababu ya msingi ya kuwa na lupu yako, tumia zmq_poll au ile moduli ya asyncio iliyomo kwenye pyzmq (ZeroMQ ya Python), mambo haya wameshayamaliza.

Kwa watu wa Python kuna la ziada. Thredi ya laibrari ni ya C++ na haishiki GIL (kufuli la Python linaloruhusu thredi moja tu iendeshe kodi ya Python kwa wakati mmoja), kwahiyo inaendelea kujaza foleni hata kama Python yako imeganda, ndo sababu Recv-Q inakuwa safi. Thredi yako ya kupokea ikiamka inahitaji GIL, na kama kuna thredi nyingine inapiga mahesabu ya Python tupu, inangoja milisekunde 5 ndo iombe ipishwe, huo ndo muda wa kawaida wa sys.setswitchinterval. David Beazley, mtaalamu wa Python, alilionyesha tatizo la namna hii 2010 na bado lipo kwenye Python ya kawaida. Ukiona ucheleweshaji wako unarundikana kwenye 5, 10, 15, umeshapata jibu. Unaweza kupunguza hiyo namba ukaona unafuu, ila kazi nzito ihamie kwenye programu nyingine kabisa, na kwa bahati nzuri kubadilisha inproc (ndani ya programu moja) kuwa ipc (kati ya programu za mashine moja) kwenye ZeroMQ ni kubadilisha anwani tu.

Namba nyingine ya kuijua kwa sura ni karibu milisekunde 90. Kama programu iko kwenye kontena iliyopewa kori 1, Linux inaigawia milisekunde 100 za CPU ndani ya kila milisekunde 100. Ukiwa na thredi 8 zikaamka kwa pamoja kwenye mashine yenye kori 8, zinaimaliza posho yote ndani ya milisekunde 12 na nusu, na kwa milisekunde 87 na nusu zilizobaki thredi zote zinasimamishwa, pamoja na ile thredi ya laibrari ambayo haikukosa kitu. Kwa dakika nzima matumizi ya CPU yanaonekana ya kawaida tu. Fungua /sys/fs/cgroup/cpu.stat uangalie nr_throttled (idadi ya mara zilizosimamishwa), ikiwa inapanda basi huyo aliyeongeza thredi kutoka 4 kwenda 16 ndo ameongeza ugonjwa, alikuwa na posho ileile anaimaliza haraka zaidi.

Baada ya yote hayo ndo tunafika kwenye kugawa kazi, kwa ile hali ambayo hendla kweli inahitaji muda na databesi haiwezi kuwa haraka zaidi ya hapo. Thredi moja inapokea tu na haifanyi kingine, inasukuma kwa PUSH ya inproc kwenda kwa vibarua, yaani thredi za kufanya kazi, wenye soketi za PULL za kupokea. Kila thredi na soketi yake, usishirikishe soketi moja kwa kuizungushia kufuli, soketi hizi za kawaida hazikutengenezwa kutumiwa na thredi nyingi na hata ukilinda vizuri hiyo kufuli inageuka kuwa foleni mpya usiyoweza kuipima.

Hapo napo kuna mtego. PUSH inagawa kwa zamu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, haijui nani yuko bize. Kibarua mmoja akipata kazi ya sekunde 3, zamu yake inaendelea kufika na meseji zinaendelea kupangwa nyuma yake mpaka kikomo, wakati mwenzake pembeni hana kazi. Kwa inproc kikomo ni jumla ya cha mtumaji na cha mpokeaji, 2000 kwa kawaida, kwahiyo kwa vitendo hakuna kikomo. Weka 1 kila upande, foleni ikijaa PUSH inamruka huyo na kwenda kwa mwingine. Na uiweke kabla ya zmq_bind na zmq_connect, kwenye matoleo ya zamani ya libzmq ukiiweka baada haigusi muunganisho uliokwisha kuwepo, wala hupewi kosa lolote, utabaki unashangaa mbona 1 inafanya kama 1000. Ukitaka ugawaji mkali zaidi tumia ROUTER ambapo kibarua mwenyewe anaomba kazi akimaliza ya kwanza, ni kodi nyingi kidogo ila hakuna meseji inayokaa nyuma ya mtu aliyekwama.

Ukishagawa, mpangilio wa meseji unakufa. Kwa vipimo vya joto haijalishi, kwa malipo ya simu inajalisha sana, taarifa ya kurudisha pesa ikimalizwa kabla ya taarifa ya malipo yenyewe utatafutwa. Hapo hutumii PUSH ya zamu, unachagua kibarua kwa namba ya akaunti, ili akaunti moja iende kwa thredi moja siku zote, na unakubali kwamba akaunti yenye fujo itawachelewesha wachache walioangukia kwa kibarua huyohuyo. Na kama data ni ya aina ambayo ya zamani haina kazi, mfano bei au mahali gari lilipo, kwanini uihifadhi kabisa, washa ZMQ_CONFLATE ibaki ya mwisho tu, ila ujue haikubali meseji zenye vipande vingi.

Kila badiliko lifanye peke yake alafu pima tena kwa mzigo uleule, na rudisha macho kwenye zile saa nne, maana mara nyingi kusubiri hakuishi, kunahama. Ulichokitoa kwenye foleni ya mpokeaji unaweza kukikuta kwenye foleni ya databesi, na hiyo sasa ina watu wake wa kuongea nao.